Mwalimu Waisiko Nchagwa wa Kisaka na Ngoma Zake Tano

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Aprili 1958, huko Busawe, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Serengeti. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Nchagwa Wambura na Bi. Gati, ambao wote wawili wametutangulia. Wazazi wake walilima ulezi na mihogo na kufuga ng'ombe. Bi. Gati alipenda kusimulia kwamba huyu binti yake alichelewa kusema lakini aliwahi kutembea, na kwamba tangu alipoanza kutembea hakuna aliyemwona akitembea kama watu wengine. Akitumwa maji alikwenda akirukaruka, na nusu ya maji iliishia njiani.

Kaka yake mkubwa, Daudi, alikuwa mchezaji wa ngoma, naye alikuwa na vile viatu vizito vya mbao ambavyo wachezaji wa Kikurya huvivaa ili wainuke juu ya ardhi. Viatu hivyo ni vya wanaume. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka minane, Waisiko alivichukua akaenda kuvijaribu nyuma ya zizi. Alianguka akavunjika jino la mbele. Baba yake alipomkuta na damu mdomoni, watu wote wa boma walingoja kuona fimbo itakayotumika. Mzee Nchagwa alimwuliza tu ni hatua ngapi alizopiga kabla ya kuanguka. Akajibu tisa. Mzee akasema Daudi alianguka kwenye hatua ya tatu, kisha akaenda zake kukamua. Marehemu alisema maisha yake yote kwamba siku hiyo ndiyo aliyopewa ruhusa, ingawa hakuna aliyeitamka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 hapo hapo Busawe na kumaliza la saba mwaka 1973. Alisoma sekondari mjini Musoma kuanzia mwaka 1974 hadi 1977, kisha akajiunga na Chuo cha Ualimu Tarime, ambako alihitimu mwaka 1979. Chuoni aliongoza kikundi cha utamaduni. Mtu mmoja wa idara ya utamaduni aliyekiona kikundi hicho kwenye mashindano alipeleka jina la Waisiko Dar es Salaam bila hata kumwambia mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kufundisha, na ameshasahau mashindano yenyewe, barua ilipomfikia mwaka 1982 ikisema amepata nafasi ya kusomea sanaa za jukwaani nchini Bulgaria. Mama yake alimfungia unga wa ulezi kwenye mfuko, akidhani huko hakuna chakula cha maana.

Mwaka wa kwanza aliutumia kujifunza lugha na kuogopa baridi. Siku moja alipita mbele ya mlango uliokuwa wazi akaona wasichana wamesimama juu ya ncha za vidole vyao, wameshika fito ya mbao iliyopigiliwa ukutani. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona baleti. Alibaki pale mlangoni mpaka zoezi likaisha, kisha akamwambia mwalimu wao, kwa lugha ya kuungaunga, kwamba kwao pia watu huinuka juu ya ardhi, ila wao hutumia mbao. Mwalimu yule, mama wa makamo mwenye sura kali, akamtaka aonyeshe. Waisiko alivua viatu akaonyesha kwa miguu mitupu.

Alichoambiwa baada ya hapo alikirudia mara nyingi kwa wanafunzi wake, kwa sababu aliamini kwamba ukweli unaosemwa mapema humsaidia mtu. Yule mama alimwambia kwamba ana miaka ishirini na minne, mifupa imeshakaa, na hatakuwa mchezaji wa baleti hata akijaribu mpaka azeeke. "Lakini una macho," alimwambia. "Kaa hapa, nitakufundisha kutunga." Waisiko alilia siku mbili, siku ya tatu akarudi na daftari. Alikaa pale hadi mwisho wa mwaka 1985.

Januari 1986 alipangiwa kufundisha Kiswahili na Hisabati katika shule ya msingi moja ya Kata ya Kisaka. Hakuna aliyemwuliza alichokwenda kusomea. Nyumba ya mwalimu ilikuwa haijaezekwa, kwa hiyo miezi minne ya kwanza alipokelewa na kulala nyumbani kwa mama mmoja mjane, Bi. Bhoke Nyamhanga. Tunaomba mlikumbuke jina hilo.

Alifunga fito ndefu kwenye nguzo mbili pembeni mwa uwanja wa shule, na mara mbili kwa wiki, masomo yakiisha, aliwafundisha watoto na akina mama waliotaka. Ndivyo kilivyoanza kikundi ambacho kwenye karatasi kiliitwa Kikundi cha Ngoma na Baleti Kisaka, na midomoni mwa watu kikaitwa Kikundi cha Mwalimu. Hapo ndipo pia alipompata mume. Bwana mifugo wa kata, Hezekia Zablon, alifika shuleni kuhusu chanjo ya ng'ombe akakuta watoto wamepanga mstari, kila mmoja ameinua mguu mmoja juu ya fito. Akadhani ni adhabu. Alikwenda kwa mwalimu mkuu kulalamika kwamba kuna mwalimu mgeni anawatesa watoto. Waisiko aliposikia alimwita, akamwomba aweke mguu wake juu ya fito ajionee kama ni mateso. Hezekia aliweka, akashindwa kuutoa, na wanafunzi wakamsaidia kuushusha. Wiki iliyofuata alirudi, akasema amekuja kuangalia josho. Josho lilikuwa upande mwingine wa kijiji.

Walifunga ndoa kanisani siku ya Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1987. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ezekiel, Gloria na Nikolaus. Mzee Hezekia hakucheza hata hatua moja maishani mwake, lakini bila yeye kikundi kisingekuwa na viatu. Aliijua ngozi. Alikuwa akilainisha ngozi ya mbuzi na kushona viatu vyepesi vya mazoezi, na kwa wale wachache waliofikia kusimama juu ya vidole alitengeneza ncha ngumu kwa kubandika matabaka ya kitambaa na karatasi za mifuko kwa gundi, akizianika juu ya bati. Jozi moja ilimchukua siku sita. Alifariki mwaka 2016, na Mwalimu aliacha mazoezi kwa mwaka mzima.

Kwa miaka thelathini na minane Mwalimu Waisiko alitunga ngoma nyingi za sherehe, za mashindano na za kanisani. Zile ambazo mwenyewe alikubali kuziita kazi zake ni tano tu, na hakuna mbili zinazofanana. Ya kwanza ni Ulezi, ya mwaka 1986, yenye wanawake wanane, kila mmoja na ungo wake, wala hakuna ngoma inayopigwa. Kinachosikika ni nyayo na nafaka. Mwaka 1994 ngoma hiyo ilichezwa Mwanza na Dodoma, na ndiyo iliyompa jina. Ya pili ni Foleni ya Sirari, ya mwaka 1998. Aliitunga baada ya kukwama mpakani siku mbili akiwa na kikundi, akiwatazama madereva wa malori, mawakala wa forodha wenye karatasi na wale akina mama wanaovuka kwenda Isebania, upande wa Kenya, na kurudi na mfuko ule ule. Watu waliokuwa wakijidai hawapendi mambo ya Mwalimu waliicheka ngoma hii mpaka wakashika mbavu, kwa sababu walijiona humo.

Ya tatu hakuna aliyeicheka. Ng'ombe Hawajarudi, ya mwaka 2001, ina vijana sita wanaotoka kwenda kuiba ng'ombe na wanne wanaorudi. Mama wawili wanabaki wamesimama hadi mwisho, hawasogei, na wachezaji wengine wanapita kati yao wakiendelea na kazi za nyumbani. Wakati huo vijiji viwili vilikuwa vimeuana kwa sababu hiyo hiyo, na Mwalimu aliwaalika wazee wa pande zote mbili kwenye ukumbi mmoja. Walikaa pande tofauti. Ngoma ilipoisha mzee mmoja aliuliza kwa hasira kwa nini vijana wawili hawakurudi, na kama anawasema watu wa upande wake. Mwalimu alijibu kwamba jibu hilo wanalo mama zao, wakaulizwe. Kwa mwezi mzima baada ya hapo Mzee Hezekia alimsindikiza mke wake shuleni asubuhi na kumfuata jioni. Ngoma yenyewe hakuiondoa.

Ya nne ni Korongo Wawili, ya mwaka 2009, ambayo ndiyo baleti hasa. Msichana anacheza juu ya ncha za vidole, kijana anacheza juu ya viatu vya mbao, na mpigaji ni mmoja tu mwenye ritungu, lile zeze kubwa la Kikurya. Wageni waliokuja kutoka mbali waliuliza ipi ni ya Ulaya na ipi ni ya hapa. Mwalimu aliwajibu kwamba hilo na yeye lilimshinda siku nyingi, akaacha kuuliza. Ya tano tutaifikia.

Hapa familia imeona si haki kuruka jambo ambalo Mwalimu mwenyewe alitaka lisomwe mbele yenu. Alikuwa mkali, na wengi mliosimama hapa mmewahi kukemewa naye. Lakini mwaka 2007 alimkemea mtu ambaye hakustahili. Robi Nyamhanga, binti wa yule Bi. Bhoke aliyempokea, aliingia kwenye kikundi mwaka 1986 akiwa na miaka kumi na miwili na kuwa mchezaji hodari kuliko wote. Alipoolewa Sirari aliwafundisha wasichana wa huko Ulezi ili waicheze kwenye harusi. Mwalimu alialikwa kwenye harusi moja, akaona ngoma yake imekatwa nusu na kuwekwa kati ya chakula na zawadi. Zoezi lililofuata alimfukuza Robi mbele ya kikundi kizima na kumwita mwizi. Robi alijibu jambo moja tu, kwamba Mwalimu ajiulize ule mwendo ulitoka wapi. Kisha akachukua ungo wake akaondoka. Bi. Bhoke alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla. Walikaa miaka kumi na saba bila kusalimiana.

Mwalimu alistaafu Aprili 2018. Mwezi wa nane mwaka huo huo mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka alipokuwa akimimina chai. Alipelekwa hospitali jijini Mwanza, akaambiwa ni ugonjwa wa Parkinson, ambao humkaza mtu viungo, humpunguzia sauti na humtetemesha asipotaka. Alimsikiliza daktari hadi mwisho, akauliza kama kichwa kitabaki. Alipoambiwa kwamba kwa wengi kichwa hubaki kwa muda mrefu, alisema basi kuna kazi. Kufikia mwaka 2022 alikuwa akitembea kwa kushikwa. Wakati mwingine miguu yake iligoma kabisa kuondoka mahali ilipo, kama iliyopigiliwa misumari, na yeye aliyewafundisha watu mamia kuinua miguu alisimama mlangoni akiingoja yake.

Machi 2024 kikundi, kikiongozwa na Brayan, ambaye ni mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani, kilipanga onyesho la kumheshimu: kazi zake zote tano za kila namna, katika mchana mmoja, Tarime mjini. Mwalimu alikubali kwa sharti kwamba lianze na Ulezi. Sharti hilo lilileta shida, kwa sababu Ulezi ilikuwa haijachezwa tangu mwaka 2007. Kati ya wale wanane wa mwanzo watatu walikuwa wamefariki na wengine wamesahau. Mkanda wa video wa mwaka 1994 ulikuwa umeliwa na ukungu. Mwanzoni mwa Septemba Mwalimu alijaribu kuifundisha akiwa kwenye kiti. Alianza kuinuka aonyeshe, mwili ukamkatalia, akakaa, akajaribu tena. Brayan alimwambia kwa upole kwamba wangeweza kuonyesha nne na watu wangeelewa. Mwalimu alisema bila Ulezi hakuna onyesho, akawataka wote watoke nje. Jioni ile alimwambia binti yake Gloria, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, kwamba Ijumaa atafute gari la kwenda Sirari.

Ilikuwa tarehe 13 Septemba 2024. Robi ana kibanda cha vitenge karibu na maegesho ya malori yanayosubiri forodha. Alimwona Mwalimu akishushwa kwenye gari na fimbo yake, naye alitoa kiti akakiweka kivulini, akamwamkia shikamoo kama anavyomwamkia mteja yeyote mwenye umri. Akaagiza chai. Mwalimu hakuweza kukishika kikombe, Gloria akakishika. Wakazungumza habari za watoto, mvua na bei ya mahindi mpaka habari zikaisha.

"Nimekuja kukuomba Ulezi," Mwalimu akasema.

Robi aliendelea kukunja kitenge. "Mimi si niliiba, Mwalimu? Mwizi anaombwaje?"

"Hukuiba. Siku ile ile nilijua hukuiba."

"Ulijua."

"Mwendo ni wa mama yako. Nilikaa kwake miezi minne, nikamtazama akipepeta kila jioni, nikauandika kwenye daftari. Watu walipouliza nani katunga, nikasema ni mimi. Mara ya kwanza ilikuwa rahisi. Baada ya hapo sikujua nirudi vipi."

Dereva mmoja alikuja kuuliza kitenge, Robi akamwambia arudi baadaye. Akamaliza kukunja kile alichokishika. Kisha akasema kwamba hayo Mwalimu anamwambia mtu ambaye tayari anayajua. Yeye ameyajua tangu utotoni, na marehemu mama yake aliyajua pia, na siku ya Dodoma alisikia kwenye redio jina la mtunzi likitajwa akazima redio akaenda shambani. Wasiojua ni watu.

"Nitawaambia watu," Mwalimu akasema.

"Kwa mdomo wako. Si kwenye karatasi."

Gloria aliingilia, akaeleza kwamba sauti ya mama imekuwa ndogo sana, labda mtu amsomee. Mwalimu alimkatiza. "Kwa mdomo wangu," akasema.

Robi akasimama. Alichukua kifuniko cha sufuria badala ya ungo, akaingia kwenye uchochoro ulio kati ya vitenge vilivyoning'inia, akaanza kucheza sehemu ya kwanza, polepole, kama mtu anayepapasa chumba alichokizoea zamani. Mawakala wawili wa forodha walisimama kutazama. Gloria alimwona mama yake akilia. Hapo kabla alikuwa amemwona akilia mara moja tu, siku ya mazishi ya baba. Lakini alikuwa mwalimu hata katika kulia, akasema, "Mguu wa kushoto unachelewa."

"Mama ndivyo alivyokuwa anauchelewesha," Robi akajibu bila kusimama. "Ulikuwa na maumivu ya goti. Wewe ndiye uliyeuwahisha."

Mwalimu aliutazama mguu wenyewe. "Basi uache uchelewe," akasema.

Kuanzia wiki ile Robi alikuwa akija Kisaka kwa mazoezi, safari ndefu yenye vumbi, na alifundisha Ulezi kwa wanawake wanane wapya. Mwalimu alikaa pembeni. Wazee wa kikundi wanasema hawakuwahi kumwona akinyamaza kiasi kile.

Onyesho lilifanyika Jumamosi, tarehe 7 Desemba 2024, saa nane mchana, katika ukumbi wa kukodi Tarime mjini. Watu walitoka Kisaka, Busawe na Sirari, ukumbi ukajaa, wengine wakatazama madirishani. Mwalimu alivaa gauni la kitenge alilopewa na Robi. Kabla ya chochote kuchezwa aliinuliwa, na Robi akamshikia kipaza sauti. Watu waliokaa nyuma hawakusikia neno la kwanza, wakanyamazishana, na ukumbi ukatulia kabisa.

"Ngoma hii mmeniita mtunzi wake miaka thelathini na nane," akasema. "Mwendo wake ni wa Bi. Bhoke Nyamhanga wa Kisaka. Mimi niliupanga. Sikumtaja akiwa hai, na binti yake nilimwita mwizi. Kosa ni langu."

Hakuna aliyepiga makofi. Alirudishwa kwenye kiti, na wale wanawake wanane wakaingia na nyungo zao. Walipofika pale ambapo mguu wa kushoto unachelewa, bibi mmoja aliyekaa mstari wa pili, mdogo wake Bi. Bhoke, alisema kwa Kikurya, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, kwamba huyo ni dada yake. Baadhi yenu mlikuwapo.

Zikafuata nyingine. Watu walicheka kwenye Foleni ya Sirari kama walivyocheka zamani, ingawa sasa wakala wa forodha ana simu mbili masikioni. Katika Ng'ombe Hawajarudi walinyamaza. Korongo Wawili walicheza kwa viatu vya mwisho alivyoshona Mzee Hezekia, ambavyo Mwalimu alikuwa amevitunza kwenye sanduku la nguo kwa miaka minane. Mwisho ikaja ile ya tano, Mikono, aliyoitunga mwaka huo huo wa 2024 akiwa hawezi kusimama. Wachezaji kumi na wawili wamekaa, miguu haifanyi kitu, na mikono inatetemeka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ule mtetemeko unakuwa mpangilio, unapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kama upepo unavyopita kwenye shamba, kisha unatulia. Mtu asiyejua ugonjwa wake angedhani ni ngoma ya furaha. Gloria alipomwuliza kama ni ya furaha, alijibu kwamba mkono wake utatetemeka apende asipende, kwa hiyo ameona bora aupe kazi.

Baada ya onyesho wapo waliosema Mwalimu amejishushia jina mbele za watu. Yeye mwenyewe alilala siku ile akiwa mwepesi, akamwambia Gloria kwamba miaka yote amekuwa akiogopa kusifiwa kwa Ulezi, na kwamba hii ni mara ya kwanza ameitazama mpaka mwisho. Wiki moja baadaye ndugu wa Bi. Bhoke walifika nyumbani na ungo wa ulezi mpya, wakala na kunywa naye, na hawakurudi tena kwenye maneno ya zamani.

Mwezi Januari mwaka huu alianza kushindwa kumeza vizuri. Tarehe 9 Machi alipata homa ya mapafu na kulazwa hospitali mjini Mugumu, ambako wauguzi walimhudumia kwa upendo ambao familia haitausahau. Siku za mwisho hakusema, lakini vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya blanketi. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, Gloria alivishika akidhani ni ule ugonjwa unamsumbua. Robi, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, alimwambia amwache. Alisema amevitazama tangu jana, kwamba ugonjwa hauna mpangilio na hivi vina mpangilio, na kwamba hiyo ni ngoma, tena si mojawapo ya zile tano. Walikaa wakiitazama wote wawili. Saa nne na dakika ishirini vidole vikatulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi kumi na moja.

Mwalimu Waisiko ameacha watoto watatu, Ezekiel, Gloria na Nikolaus, wakwe wawili na wajukuu sita. Ameacha kaka mmoja, Mzee Daudi Nchagwa, na wadogo wawili wa kike. Ameacha Robi Nyamhanga, ambaye familia imemwomba akae leo pamoja na watoto wa marehemu, naye amekubali. Ameacha pia wachezaji arobaini na mmoja wa kikundi chake, na wanafunzi wengi wa Kiswahili na Hisabati ambao hawakuwahi kucheza hata kidogo lakini hadi leo wakikaa hunyoosha migongo wakisikia jina lake.

Tunamshukuru Mungu aliyetupa mama huyu, na tunamwomba ampokee na kumpumzisha vyema. Lala salama, Mama. Mazoezi ni Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri.